Nimetapeliwa na mtu wa Dar nikiwa Pemba, polisi wa huku na wa kule wote wanasema si eneo lao. Nifungue kesi wapi?

mvuvi_mkoani:
Assalamu alaykum wajameni, naomba ushauri maana nshachoka. Mie ni mvuvi, nakaa Mkoani. Mwezi uliopita niliona tangazo la mashine ya boti, hosipawa 15, mtumba lakini safi, muuzaji anasema ana duka Kariakoo. Tukaongea wasap siku tatu nzima, akanitumia picha mashine imelazwa juu ya gunia, akanitumia na video iko ndani ya pipa la maji anavuta kamba inawaka, wallahi niliisikia inavyonguruma. Bei 2,800,000. Nikamtumia kwa simu mara mbili, nusu jioni nusu asubuhi, kwa wakala wa hapa hapa karibu na bandari. Jina lililokuja kwenye meseji ni la mwanamke na mie nikiongea na mwanamme, nikamuuliza akasema laini ya mke wangu hiyo. Najua, msinitukane. Akasema anaipakia kwenye boti ya kesho, nikenda bandarini na gari ya ng'ombe kabisa kuipokea. Hakuna mashine, simu haipatikani, wasap kaniblok.

Nikenda kituo cha huku. Askari wa kaunta kanisikiliza vizuri tu, kasoma meseji zote, halafu kalamu akailaza juu ya kitabu, kitabu chenyewe hata hakukifungua. Kanambia ndugu yangu mtu yuko Dar, pesa zimetolewa Dar, kosa ni la Dar, sie hatuna mamlaka nenda kafungue kule. Nikampigia shemeji yangu wa Temeke aende kituo cha kwao, yeye kaambiwa mlalamikaji yuko Zanzibar, pesa imetumwa kutoka Zanzibar na Zanzibar wana sheria zao, afungue hukohuko. Sasa kesi yangu iko katikati ya bahari. Nikisema niende Dar mwenyewe ni boti mpaka Unguja, boti tena mpaka Dar, kula, kulala, kurudi, na kesho waniite tena. Anaejua anambie, polisi wa Pemba mpaka wake unaishia wapi?

yakhe_kiuyu:
Pole sana yakhe. Jina la mwanamke sauti ya mwanamme, na wewe ukatuma nusu ya pili asubuhi baada ya kulala na kuamka 😂 kunradhi lakini

BintiMtambwe:
Mwacheni, kesha sema msimtukane. Hivi hawa polisi si wamoja? Kofia ile ile, gari zile zile.

Mstaafu_Ziwani:
Ni wamoja, na hapo ndipo askari wa kaunta alipokosea. Nimefanya kazi hii ya upolisi bara na visiwani mpaka nikastaafu kwa hivyo soma taratibu. Polisi ni jambo la Muungano, limo kwenye orodha ya mambo ya Muungano mwisho wa Katiba ya 1977, jeshi ni moja chini ya IGP mmoja, yaani mkuu wa polisi wa nchi nzima, na askari anaweza kupangiwa kazi Wete leo, mwakani yuko Mbeya, na uaskari wake ni ule ule. Kwa hivyo polisi wa Pemba kukwambia hana mamlaka ya kupokea taarifa yako kwa sababu mwizi yuko Dar, hilo halipo. Anapokea, anakupa RB (namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha kituo), jalada linafunguliwa, mpelelezi anaandika kwa wenzake wa Dar au anasafiri mwenyewe, na akifika kule anaripoti kituo cha eneo lile kwanza, haendi kuruka ukuta wa mtu usiku kama sinema.

Ambavyo si vimoja ni sheria ya mwenendo na mahakama. Bara wanatumia Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai Sura ya 20, Zanzibar tuna yetu Namba 7 ya 2018, na Sheria ya Adhabu Namba 6 ya mwaka huo huo. Mahakama Kuu ya Zanzibar mbali, ya bara mbali, zinakutana Mahakama ya Rufani tu. DPP, yaani Mkurugenzi wa Mashtaka, wa Zanzibar mwengine na wa bara mwengine. Yule wa Temeke alichanganya hapo, sheria ni mbili kweli lakini hiyo inagusa kesi itasikilizwa wapi, haimzuii kuandika taarifa.

mvuvi_mkoani:
Shukran sana mzee wangu. Sasa itasikilizwa wapi, Dar au huku?

Mstaafu_Ziwani:
Kujipatia fedha kwa udanganyifu kuna miguu miwili mwanangu. Uongo umesemwa na mtu yuko Dar na pesa kazitoa Dar, lakini wewe umedanganyika ukiwa Mkoani na pesa imetoka mkononi mwako Mkoani. Kanuni ya zamani ya makosa ya jinai ni kwamba kesi inaweza kwenda pale kitendo kilipofanyika au pale matokeo yake yalipoangukia. Pande zote mbili zina pa kushika, ndio maana kila mmoja kakurushia mwenzake. Kosa likiwa limefanyika lote Dar, mtu kavunjiwa duka Kariakoo, basi hakimu wa Chake Chake hapa Pemba hana la kulisikiliza hata mwizi akikamatwa hapo Chake, atarejeshwa kule.

mtu_wa_bara:
Mzee kaongea point ila mkuu, hii ya kwako imepita kwenye simu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inatumika pande zote mbili za Muungano. Ukifika kituoni taja hiyo na omba wahusika wa makosa ya mtandao, neno Zanzibar ina sheria zake halitatokea tena.

shehia_ya_mwisho:
Nyie mnasema eneo eneo, masheikh wa Uamsho, ile jumuiya ya Kiislamu ya Zanzibar, walikamatwa wapi na walishtakiwa wapi? Watu wametolewa Unguja wakapelekwa mahakama ya Kisutu, Dar, wakakaa mahabusu miaka mpaka Juni 2021 mashtaka yakafutwa. Mpaka ule ulikuwa wapi siku ile? Mvuvi kaibiwa ndio mpaka unaonekana.

mtu_wa_bara:
Ile ilikuwa ugaidi, sheria ya 2002, nayo inatumika kote kote. Usichanganye na mashine ya boti.

shehia_ya_mwisho:
Sichanganyi. Hoja ya kwamba vitendo vinadaiwa kufanyika Zanzibar kwa nini visikilizwe Dar mawakili wao waliitoa mahakamani, sikuitunga mie hapa.

yakhe_kiuyu:
Uzi ushageuka wa Muungano, tutafungiwa sasa hivi

BintiMtambwe:
Turudini kwa mvuvi jamani. Mie nauliza, kwani rushwa nayo vipi, TAKUKURU wanakuja huku?

Mstaafu_Ziwani:
Hapana, huku ni ZAECA, mamlaka ya rushwa ya Zanzibar. Hata dawa za kulevya Zanzibar ina mamlaka yake. Kati ya hao, polisi ndio wa pamoja. Sasa mvuvi, fanya hivi, kesho usirudi kwa yule wa kaunta, omba kumuona OCS, mkuu wa kituo, akikuzungusha nenda kwa OC-CID, mkuu wa upelelezi wa wilaya, na akikataa huyo panda kwa RCO, mkuu wa upelelezi wa mkoa. Usende na simu tu, simu inaanguka majini na kila kitu kimekwenda. Chapisha mazungumzo, na wakala akupe rekodi ya miamala yote miwili yenye tarehe na saa. Hio namba iliyopokea pesa ni dhahabu, laini zinasajiliwa kwa alama za vidole tangu 2019, kampuni ya simu haitakupa wewe jina kamili lakini mpelelezi akiandika barua wanatoa. Ukipewa jibu la si eneo letu, muombe kwa upole akuandikie hayo maneno na jina lake chini. Wengi hapo hukumbuka kalamu iko wapi.

mtoto_wa_darajani:
Na namba ya tapeli iripoti 15040 ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, bure. Haikurejeshei pesa lakini inamkatia laini asimpate mwengine. By the way Wahindi hili walikuwa nalo kubwa kuliko letu, mtu anakataliwa kituoni kwa sababu kaibiwa mtaa wa pili. Sheria yao mpya ilioanza 1 Julai 2024 imesema taarifa inapokewa bila kujali eneo kosa lilipotendeka, wanaiita Zero FIR (FIR ni taarifa ya kwanza ya kosa kituoni), kituo chochote kinaandika kwa namba sifuri halafu wao wenyewe ndio wanaihamishia kituo husika.

BintiMtambwe:
Namba sifuri Pemba ndio hii aliyopewa mvuvi, sifuri kabisa 😅

mvuvi_mkoani:
Wajameni narudi na habari. Jana nimekwenda na ami yangu, nimevaa kanzu ya Ijumaa kabisa. Wa kaunta ni yule yule, akaanza tena kosa la Dar. Nikamwambia sawa afande, niandikie hapo kwamba si eneo lenu. Akaniangalia, akamuangalia ami, akauliza nani kanifundisha. Nikasema mzee mmoja mstaafu wa Ziwani. Akaingia ndani akakaa kama robo saa, akatoka na OCS, OCS kauliza suali moja tu, hela ulitumia ukiwa wapi, nikamwambia hapo kwa wakala unamuona dirishani. Akasema mwandikie.

RB ninayo mkononi, maelezo nimeandikisha kurasa tatu. Mpelelezi niliyepewa ni kijana, kanambia nilete karatasi za wakala Jumatatu aandike barua kampuni ya simu. Kasema wazi nisitarajie mashine wiki hii.

Mstaafu_Ziwani:
Umefanya vizuri. Namba ya simu ya huyo kijana unayo? Kila Ijumaa mpigie, kwa adabu. Jalada ambalo hakuna anaeliulizia hulaliwa.

yakhe_kiuyu:
Na baharini unakwenda na nini sasa hivi?

mvuvi_mkoani:
Ngalawa ya ami, tanga. Upepo ukigoma tunapiga kafi.