Tupeane uzoefu: vitufe vya F kwenye kompyuta mpya

Mhasibu wa Posta: Ndugu zangu, tangu Windows 10 iachwe kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025, ofisi yetu nayo imebadilisha kompyuta. Kinachonitaabisha ni vitufe vya F1 hadi F12: F2, ambayo miaka yote ilikuwa ya kuhariri seli ya Excel, sasa inapunguza sauti, na F4 ya kuweka alama ya dola kwenye fomula inazima maikrofoni. Mliopitia haya mlitatuaje?

Dada wa Tabata: Yalinikuta hayo hayo.

Karani wa Gerezani: Umenikumbusha mbali. Mimi ninaingiza hesabu katika Tally, programu ya uhasibu, na anayeifahamu anajua kwamba pale kipanya ni pambo tu: F5 ni malipo, F6 ni mapokezi, F8 ni mauzo, F9 ni manunuzi. Ilikuwa tarehe 19, ritani ya VAT inatakiwa TRA ifikapo tarehe 20, na tajiri amesimama nyuma ya kiti changu akiwa na bunda la risiti za EFD lililofungwa kwa mpira. Nikabonyeza F5, kioo kikafifia; nikabonyeza tena, kikafifia zaidi, hata nikawa ninaiona sura ya tajiri kwenye kioo kuliko ninavyoziona tarakimu. Akatangaza kwamba ameuziwa mtumba kwa bei ya mpya, akampigia muuzaji simu na kummwagia maneno ambayo siwezi kuyaandika. Wakati wanagombana nikabonyeza F8 ili niingie kwenye mauzo, kumbe kitufe hicho huwasha hali ya ndegeni. Mtandao ukakatika, na kwa kuwa data zetu zinakaa kwenye kompyuta ya stoo, kazi ikasimama. Aliyetuokoa ni kijana wa duka la jirani aliyekuja kuomba chenji: alishika kitufe cha Fn, akagusa Esc, vitufe vya F vikarudia kazi zake za zamani, akachukua chenji yake na kuondoka.

Mkazi wa Sinza: Muuzaji aliombwa radhi?

Karani wa Gerezani: Hata kidogo. Tajiri anashikilia kwamba bei ilikuwa kubwa vilevile.

Fundi wa Mwenge: Fn pamoja na Esc hufanya kazi kwenye Lenovo na Dell nyingi, tazameni kama Esc ina alama ya kufuli. Kwenye HP nyingi mtaingia BIOS, yaani mipangilio ya ndani ya mashine yenyewe, kwa kubonyeza F10 mashine inapowaka, kisha mtazima kipengele kiitwacho Action Keys Mode. Hata hivyo BIOS si mahali pa kuchezea, kwa hiyo ni heri mashine ikaletwa kwa fundi.

Mhasibu wa Posta: Fn na Esc imekubali, na dola imerudi. Ahsante sana, fundi.

Mstaafu wa Upanga: Nimlipe fundi kwa kubadili mstari mmoja? Hiyo ni biashara, kijana, wala si ushauri.

Fundi wa Mwenge: Shikamoo mzee wangu. Hao wanaojihudumia wenyewe ndio wanaoniletea mashine zisizowaka, kwa kuwa wakiwa humo ndani hugusa na mipangilio ya diski.

Mstaafu wa Upanga: Marahaba. Yangu inawaka.

Mwalimu wa Kigamboni: Wenye Mac waingie kwenye mipangilio ya kibodi, ambako kuna swichi ya kurudisha vitufe vya F katika kazi zake za kawaida, tena katika Excel ya Mac, Command na T huweka dola bila kuhitaji F4. Kwa maoni yangu, hata hivyo, msigeuze chochote. Darasani ninahitaji sauti na mwangaza mara nyingi kuliko F5 ya kuanzisha slaidi, na hiyo F5 ninaibonyeza pamoja na Fn.

Karani wa Gerezani: Mwalimu, njoo uingize risiti za mwezi mzima huku umeshika Fn, ndipo tuzungumze.

Dada wa Tabata: Nunueni kibodi ya USB ya kuchomeka, kwani nyingi za bei ya chini hazina hiyo Fn kabisa.

Mkazi wa Sinza: Na ukiwa ndani ya daladala ya Mbagala, kibodi hiyo utaiweka kwenye mapaja ya nani?