Waliong'olewa gego la mwisho, baadaye kilikukuta nini? Tupeane uzoefu

#1 (mwanzisha uzi)
Wakuu, gego langu la mwisho chini kulia limelala, eksirei inaonyesha limemwegemea mwenzake kama mlevi. Wiki ijayo nachanwa. Kwenye fomu ya kusaini imeandikwa naweza kubaki na ganzi mdomoni, toka hapo usingizi sina. Msinifariji, semeni ukweli.

#2
Kung'oa kwenyewe si ishu, unasikia kuvutwa tu. Mi balaa lilianza siku ya tatu, najiona nimepona nikavuta sigara mbili na soda kwa mrija, usiku maumivu yakapanda mpaka sikioni, panadol haigusi, mdomo unanuka. Kurudi kumbe lile donge la damu linaloziba tundu la jino limetoka mfupa uko wazi. Wakasafisha wakaweka dawa inanukia karafuu tupu, ndo nikaanza kuongea kama mtu. Na usisukutue siku ya kwanza.

#3
Ganzi ilibaki kwangu. Mdomo wa chini na kidevu, upande mmoja, chai inachuruzika sina habari mpaka mwanangu aseme mama unamwaga. Miezi minne hivi, halafu ikaanza kutambaa kama sisimizi, sasa imebaki kadoa kadogo. Kuna mshipa wa fahamu unapita karibu na mizizi ya magego ya chini. Muulize daktari kwenye picha vimeachana kiasi gani, maana vikigusana sana wengine wanakata kichwa cha jino tu mizizi inabaki. Mi sikujua hata kama kuna swali la kuuliza.

#4
Langu la juu, dakika tano limetoka. Jioni nakunywa maji yanatokea puani 😂 Tundu lilitobokea kwenye uwazi wa juu ya taya, wakashona, nikakatazwa kupenga kamasi na chafya nisiibane.

#5
Kuvimba siku mbili tatu kawaida. Mdogo wangu siku ya tano ndo shavu linaongezeka, homa, mate hayamezeki, nyumbani tunamwambia weka barafu. Alilazwa. Ukiona uvimbe unashuka shingoni usisubiri kukuche.

#1
Kesho narudi na picha yangu kuuliza huo mshipa. #2, sigara niache lini?

#2
Leo. Mi nimezirudia lakini usinitazame mimi.