Eksitano ya TB 4 inagoma kwenye Pentium 4 yenye Windows XP, naombeni msaada

darizi_tanga
Habari za jioni wadau. Nina karakana ya kudarizi hapa Tanga: kanzu, kofia, beji za sare za shule. Mashine inaongozwa na kompyuta ya kizamani, Pentium 4, Windows XP SP2, RAM MB 512. Tafadhali msinishauri niitupe. Programu ya michoro inataka kidude cha leseni kinachochomekwa kwenye tundu la printa, lile pana la pini 25, na laptop za siku hizi hazina tundu hilo. Nikiitupa nimefunga karakana.

Sasa diski yake imeanza kulia, nikaona nihamishe kazi zangu mapema. Nimenunua eksitano (diski ya nje) ya TB 4, USB 3.0. Nikichomeka, taa inawaka, inalia tik-tik, inazima. Kwenye laptop ya mwanangu inafunguka vizuri tu. Muuzaji anasema kompyuta ndiyo mbovu. Nifanyeje?

fundi_wa_bodi
Mkuu, umechomeka mbele au nyuma? Tundu la USB 2.0 linatakiwa kutoa miliamp 500, la USB 3.0 linatoa 900. Eksitano hizi ndogo zisizo na adapta zinakula umeme wa kwenye waya, na pale sahani ya diski ndani inapoanza kuzunguka ndipo zinapotaka mwingi. Huo mlio wa tik-tik ni diski inajaribu kuamka, inashindwa. Matundu ya mbele yanapitia waya mrefu mwembamba ndani ya kava, kwa hiyo hamia ya nyuma, yaliyo kwenye bodi yenyewe. Ikigoma na huko, tafuta habu (kigawanyio cha matundu ya USB) yenye adapta yake ya umeme.

bandari_msa
Na asikudanganye mtu ununue kadi ya USB 3.0. Eksitano ya 3.0 inaingia kwenye 2.0 bila neno, spidi tu ndiyo inashuka.

darizi_tanga
Mkuu ni mama wa watu, lakini sawa 😄 Nimehamia nyuma, imetulia na inazunguka. Ila kwenye My Computer haipo. Mwanangu kaingia Disk Management, kaikuta imeandikwa "GPT Protective Partition". Ukibofya kulia hakuna kinachokubali.

fundi_wa_bodi
Samahani mama yangu. Basi umeme umeshapona, umebaki mpangilio wa diski. XP ya kawaida, ya biti 32, haiisomi GPT, mpangilio mpya wa kugawa diski. Inaelewa MBR, ule wa zamani, na MBR kwenye diski ya sekta za baiti 512 mwisho wake ni TB 2. Unaweza kuigeuza kuwa MBR kwenye laptop ukakata kipande kisichozidi hapo, lakini kilichomo chote kitafutika na karibu nusu ya diski uliyolipia itakaa bure. Ukifomati, chagua mfumo wa mafaili wa NTFS. exFAT haitaonekana mpaka XP iwekewe sasisho la KB955704.

kijana_wa_neti
Mbona mnamzungusha? Vuta waya wa mtandao kutoka XP hadi laptop, shea folda, kopi. Basi.

bandari_msa
Laptop yake ikiwa na Windows 10 ya kuanzia toleo 1709, atakwama. XP inashea kwa SMB1, njia ya zamani ya Windows ya kushea mafaili, na hiyo siku hizi haiji ikiwa imewashwa. Kuiwasha inawezekana, ila ni mlango wa virusi. Mama asiingizwe huko kwa ajili ya michoro ya kofia.

mzee_wa_ide
Mama, kabla ya yote: bofya kulia kwenye folda ya kazi zako, ingia Properties. Ukubwa wake ni ngapi?

darizi_tanga
GB 11, na nyingi ni picha za wateja. Michoro yenyewe ni vifaili vidogo sana.

mzee_wa_ide
Sasa GB 11 na TB 4 wapi na wapi? Chukua flashi ya GB 32 iliyofomatiwa FAT32, XP itaisoma hivyo hivyo ilivyo. Faili moja tu lisizidi GB 4, na kwa michoro hufiki huko. Kopi kutoka XP kwenda kwenye flashi, peleka laptop, mwaga kwenye eksitano. Eksitano usiiguse mpangilio wake.

Anza na folda ya michoro, picha zifuate. Diski inayolia haiahidi kufika jioni. XP ikikupa ujumbe kwamba tundu si Hi-Speed, ujue unatembea kwa USB 1.1, GB 11 zitachukua saa tatu au zaidi. Iache ifanye kazi, usichomoe.

darizi_tanga
Michoro yote imeshaingia kwenye flashi, picha zinaendelea. Na hiyo diski yenyewe inayolia, programu itahama na leseni yake?

mzee_wa_ide
Leseni iko kwenye kidude cha tundu la printa, haiko kwenye diski. Tafuta diski isiyo mbovu ya IDE (aina ya zamani ya diski), isiwe ndogo kuliko hiyo, fundi atumie programu ya Clonezilla kukukopia yote kama ilivyo. Aangalie kwanza waya wa bodi: ule mpana bapa ni IDE, mwembamba ni SATA. Na fungua michoro miwili mitatu kwenye eksitano kabla hajashika bisibisi.