Paneli za jua chini ya Moshi: mkandarasi anasema tathmini ya mazingira haituhusu. Je, ni kweli?

Mkulima wa Kahe

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Mimi ni mjumbe wa kamati ya ushirika wa wakulima wa mpunga katika tambarare za chini ya Moshi, upande wa Kahe. Tunakusudia kujenga mtambo wa umeme wa jua wa kilowati 300, paneli zikisimikwa ardhini, ili uendeshe pampu mbili za visima pamoja na mashine ya kukoboa mpunga, kwa sababu gharama ya dizeli imekuwa ikimeza sehemu kubwa ya mapato ya wanachama kila msimu.

Eneo tulilolifikiria ni ardhi ya kijiji, kama ekari moja na nusu, pembeni mwa mashamba. Halilimwi, lakini halikai bure pia: wakati wa kiangazi wafugaji hupitisha ng'ombe hapo kwenda kunywa maji, na kona yake moja inakatizwa na mfongo wa zamani, yaani mfereji wa jadi wa maji, ambao bado unapeleka maji kwa kaya za upande wa chini. Mkandarasi anatuambia kwamba paneli hazitoi moshi wala kelele, kwamba tathmini ya athari kwa mazingira ni ya miradi mikubwa kama ule wa Kishapu, Shinyanga, wenye megawati 150, na kwamba tukianza kuchimba misingi sasa tutawahi kabla ya masika. Baadhi ya wajumbe wamekubaliana naye. Mimi sijaridhika, na kabla ya kikao kijacho ningependa kusikia kutoka kwa wenye ujuzi: sheria inatutaka tufanye nini, na tuanzie wapi?

Mtathmini, Arusha

Ndugu Mkulima, pole na kazi, na asante kwa kuuliza mapema.

Hoja ya mkandarasi ina sehemu ndogo ya ukweli, nayo ni kwamba mtambo wa kilowati 300 hautachunguzwa kwa uzito uleule wa mtambo wa megawati 150. Lakini anayeamua uzito huo si mkandarasi, wala si kamati yenu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 81, inaelekeza kwamba tathmini ifanyike kabla ya mradi kuanza au kugharimiwa, na inaongeza jambo ambalo wengi hawalisomi: kibali au leseni iliyotolewa chini ya sheria nyingine haimpi mtu haki ya kuendelea na mradi unaohitaji cheti cha tathmini ikiwa hana cheti hicho. Kwa hiyo hata mkiambiwa kuwa mtambo usiofikia megawati 1 umesamehewa leseni ya uzalishaji umeme, msamaha huo unahusu umeme peke yake.

Kanuni za tathmini za mwaka 2005, kama zilivyorekebishwa mwaka 2018, zinaigawa miradi katika makundi. Kundi A ni la miradi ambayo lazima ifanyiwe tathmini kamili, B1 ni ile iliyo katikati, na B2 ni ile ambayo kwa kawaida maelezo mafupi ya mradi yanatosha. Lipo pia kundi la miradi maalumu. Mnausajili mradi kwa Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC, ambalo ofisi yake ya Kanda ya Kaskazini iko hapa Arusha, mnawasilisha maelezo yaliyoandaliwa na mtaalamu aliyesajiliwa, kisha Baraza linafanya mchujo na kuwaambia mko kundi gani. Ukubwa wa mtambo ni kigezo kimoja tu. Mahali unapokaa na kazi utakayofanya vinaweza kuupandisha uzito.

Hapo ndipo penye jambo ambalo mkandarasi hakulitaja. Tatizo kubwa la mradi wenu naliona kwenye pampu kuliko kwenye paneli. Pampu ya dizeli inajizuia yenyewe, kwa sababu kila saa inayonguruma kuna mtu anahesabu lita. Pampu ya jua, ikishalipiwa, haimgharimu mtu kitu kuiacha ivute maji tangu asubuhi hadi jioni, na visima vya jirani ndivyo vitakavyoonyesha matokeo. Mtathmini makini atauliza kina cha maji kwenye visima hivyo mwishoni mwa kiangazi, kiasi mnachoruhusiwa kuvuta kwa siku, na kama kuna mita ya kukipima. Kibali chenu cha kutumia maji kinatoka Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, ambayo makao yake makuu yapo hapohapo Moshi. Kama kibali mlicho nacho kiliombwa kwa kuzingatia saa za pampu ya dizeli, nendeni mkazungumze nao kabla ya kitu kingine chochote.

Mpimaji Mstaafu

Nakubaliana na Mtathmini, nami nitaongeza upande wa ardhi.

Kijana wangu, umeandika "ardhi ya kijiji" kana kwamba ni jina moja la kitu kimoja. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, ndani ya ardhi ya kijiji kuna ardhi ya matumizi ya pamoja, kuna inayomilikiwa na mtu au familia, na kuna iliyowekwa akiba kwa ajili ya kugawiwa baadaye. Sehemu ambayo ng'ombe hupita kila kiangazi ina dalili zote za kuwa ya matumizi ya pamoja, hata kama hakuna aliyeweka kibao. Halmashauri ya kijiji inaisimamia ardhi hiyo kama mdhamini wa wanakijiji, na haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Barua ya mwenyekiti yenye mhuri haitoshi. Nimeona miradi mizuri ikikwama kwa barua za namna hiyo, wakati vyuma tayari vimelala chini na riba ya mkopo inaendelea kuhesabiwa.

Kaombeni kuona mpango wa matumizi ya ardhi wa kijiji, kama upo. Ukionyesha kwamba eneo hilo ni malisho au mapito ya mifugo, basi mpango wenyewe utabidi urekebishwe kwanza kwa njia yake halali, au mtafute eneo lingine. Muhtasari wa mkutano mkuu, ukiwa na orodha ya mahudhurio na saini, utauhitaji pia kwenye tathmini kama ushahidi kwamba wananchi walishirikishwa, kwa hiyo uandikwe vizuri tangu mara ya kwanza, pamoja na pingamizi zilizotolewa.

Dada Inveta

Mimi nabuni na kufunga mitambo ya jua, hivyo nitazungumzia kile kitakachotokea kwenye udongo.

Kwa paneli za wati 550, kilowati 300 ni kama paneli 545, na eneo la kioo peke yake linakaribia mita za mraba 1,400. Sasa hesabuni: mvua ya milimita 10, ambayo masika huweza kushuka alasiri moja, inaleta lita 14,000 juu ya kioo hicho. Kwenye ardhi tupu maji hayo yangesambaa. Kwenye mtambo yanateremka yote hadi ukingo wa chini wa kila safu na kudondoka kwenye mstari mmoja uleule, mvua baada ya mvua. Kwanza unaona kijimfereji chembamba chini ya ukingo, baadaye kinapanuka, tope linaanza kusafiri, na kwenu ninyi tope hilo litaishia kwenye mfongo. Dawa yake si ngumu ikiwekwa kwenye mchoro mapema: nyasi zisiondolewe zote wakati wa kusafisha eneo, safu zifuate kontua, yaani mistari ya usawa wa ardhi, kokoto ziwekwe chini ya ukingo wa matone, na uwepo mtaro wa kupokea maji kabla hayajafika kwenye mfongo. Kuanza kuchimba misingi wakati masika yanakaribia ni kufanya kinyume cha haya yote, kwa sababu udongo uliofukuliwa utakuwa bado haujashika.

Kuhusu misingi, msikubali mchoro wowote kabla ya udongo kupimwa. Tambarare za chini ya Moshi zina sehemu zenye udongo mweusi wa mfinyanzi unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka, na zina sehemu zenye chumvi na magadi ambayo hula chuma. Nguzo iliyopigiliwa tu inaweza kuinuka au kupinda, na tabaka la zinki linaloikinga likaliwa kabla ya wakati wake.

Mwinamo wa paneli wa nyuzi 10 kuelekea kaskazini unatosha. Tuko kama nyuzi 3 kusini mwa ikweta, hivyo jua la saa sita mchana mwezi Juni liko kaskazini na la Desemba liko kusini, na mwinamo huo mdogo unasaidia hasa mvua ioshe vumbi. Ukingo wa chini uwe juu vya kutosha kondoo wapite na kula nyasi. Mbuzi msiwaruhusu, kwa maana hupanda juu ya paneli na kutafuna nyaya.

Mkulima wa Kahe

Nawashukuru sana, mzee wangu, dada na ndugu Mtathmini. Suala la pampu halikuwa limetajwa hata mara moja kwenye vikao vyetu, na kibali chetu kweli kiliombwa enzi za dizeli. Naomba kuuliza tena mawili. Wafugaji wanaopita hapo si wanakijiji wetu, wanatoka mbali na huja kwa msimu: je, tunawajibika kuwashirikisha? Na benki inataka nyaraka gani kwanza?

Mfugaji wa Siha

Kaka, mnawajibika. Ng'ombe hajui mpaka wa kijiji, na mchungaji aliyezoea njia ataikuta imefungwa kwa uzio siku ambayo mifugo ina kiu. Siku hiyo ndipo mifugo huingia kwenye mpunga, na ugomvi huanzia hapo. Msisubiri waje. Watafuteni wazee wao sasa, watembee na ninyi mahali penyewe, waonyeshe kundi linapoingilia na linapotokea. Mara nyingi hawakatai mradi, wanachotaka ni ushoroba wa kupita ulio mpana, usiobanwa na uzio pande zote mbili kiasi cha ng'ombe kukanyagana.

Mtathmini, Arusha

Mfugaji amejibu vizuri kuliko ningejibu mimi. Kwa tathmini, mdau ni yeyote anayeguswa na mradi, awe mkazi au mpita njia wa msimu, na taarifa isiyo na sauti ya wafugaji kwenye eneo kama hilo itarudishwa, au itapita na kuwaachia ninyi ugomvi.

Kuhusu benki, ombeni mkataba wa mkopo uweke wazi kwamba fedha za ujenzi zitatolewa baada ya cheti cha mazingira kupatikana, ili riba isianze kuhesabiwa wakati mnasubiri. Gharama za kupima udongo, kupima kina cha maji na kumlipa mtaalamu ziingizwe kwenye awamu ya maandalizi. Katika mkataba wa mkandarasi mwekeeni pia kifungu cha kuondoa paneli zilizovunjika na inveta (vifaa vinavyogeuza umeme wa paneli ili mashine ziutumie) zilizokufa, kwa kuwa ni taka za kielektroniki na haziruhusiwi kufukiwa shimoni nyuma ya ghala. Na mkienda ofisi ya Bonde, mchukue mchoro unaoonyesha mfongo, visima vyote viwili na visima vya majirani. Bila mchoro huo watawarudisha.