Yah: RP imeisha, mama anataka kuiona Madurai

Kutoka: Mwanakombo, Coimbatore

Wapendwa wa kundi, salaam. RP yangu, yaani kibali cha kukaa India, imeisha. Maombi ya kuongeza niliyapeleka mapema na risiti ya maombi ninayo, ila ofisi ya wageni hapa chuoni kwetu ilipakia bonafide, barua ya kuthibitisha kuwa mimi ni mwanafunzi wao, yenye jina la baba limekosewa herufi, ikarudishwa. Wakapakia tena, ileile. Nimeenda dirishani, yule bwana akaniambia njoo Jumatatu. Jumatatu ilikuwa sikukuu.

Sasa mama yangu yuko Chennai, amemaliza matibabu, na kabla hajarudi Tanga ameng'ang'ania aione Madurai, ule mji wa hekalu huku Tamil Nadu. Nimepigia gesti moja karibu na stesheni, wakataka pasipoti, viza na RP. Nikawatumia risiti ya maombi. Wakajibu kwa karatasi hiyo hawajazi Form C, ile fomu ya kumripoti serikalini mgeni wa nje anayelala kwao, wakakata simu. Swali langu ni moja: risiti ya maombi inatosha kwa Form C au haitoshi? Na kama yupo aliyewahi kulala Madurai kwa risiti tu, aniambie ni gesti gani.

Kutoka: Side, Bengaluru

Pole sana dada. Mimi yalinikuta hayohayo nilipokuwa Chennai. Dawa yake ni kudamka, ukapange foleni Shastri Bhavan, kwenye ofisi ya uhamiaji, kabla jua halijatoka. Beba pasipoti saizi za kutosha na kopi za kila kitu, mpaka kopi ya kopi. Nilikaa pale siku nzima na jamaa mmoja wa Bujumbura, tukagawana samosa, jioni karatasi zikapita.

Kutoka: Neema, Chennai

Kaka Side, hizo ni habari za kale. Tangu 2018 mambo yote yanakwenda kwa e-FRRO, mfumo wa kusajili wageni, mtandaoni. Huendi ofisini mpaka uitwe. Usimtoe mtoto wa watu Coimbatore usiku kuja kupanga foleni isiyokuwepo.

Na wengine wanaosoma hapa, maana kila mwezi swali hili linarudi: siku 14 za kujisajili ni kwa mwenye viza ya zaidi ya siku 180. Form C haijazi mgeni. Anajaza mwenye nyumba, ndani ya saa 24, na asipojaza ni kesi yake. Ndiyo maana gesti ndogo zinaona bora zipoteze mteja.

Mwanakombo, mama yako ana viza ya aina gani? Ya matibabu au ya msindikizaji?

Kutoka: Mzee Bakari, Vellore

Mwanangu Mwanakombo, mpelekee mama salamu zangu. Mpeleke Madurai, usimnyime. Nimekaa Tamil Nadu miaka mingi na nimeyaona mahekalu ya kila namna, lakini lile la mungu wao wa kike Meenakshi ni jambo jingine. Lina minara kumi na minne. Wa kusini ndio mrefu kuliko yote, karibu mita 52, wa mwaka 1559, umejaa masanamu ya rangi toka chini hadi kileleni, miungu juu ya miungu, shingo itauma. Mitaa imelizunguka mraba ndani ya mraba, na mingi ina majina ya miezi ya Kitamil: Aadi, Chithirai, Masi.

Msiende mchana kweupe. Saa sita na nusu wanafunga mpaka saa kumi, halafu viatu mnaacha nje na yale mawe yakishapigwa na jua mama atarukaruka. Nendeni jioni. Mkikaa mpaka kama saa tatu usiku mtaona Sundareswarar, yaani Shiva, anavyobebwa kwenye machela kupelekwa chumbani kwa mkewe Meenakshi, zumari na ngoma mbele, moshi wa ubani kila mahali. Asubuhi wanamrudisha. Kila siku ya Mungu!

Tena mji huu Waswahili tusijifanye wageni nao. Ibn Battuta, yuleyule aliyepita Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alifika Madurai baadaye, enzi za masultani wake, akakuta maradhi yanaua watu ghafla.

Kutoka: Achieng, Hyderabad

Mzee Bakari shikamoo. Naongezea, maana watu wataenda na matumaini halafu waaibike mlangoni. Asiye Mhindu haingii kwenye vyumba vya ndani kabisa vya Meenakshi na Shiva, pale kuna kibao na mlinzi. Lakini vibaraza vyote, lile bwawa la Yungiyungi la Dhahabu na ukumbi wa nguzo elfu mnaingia. Simu hamwingii nayo, mnaiacha kaunta. Hiyo ni tangu 2018, moto ulipounguza maduka yaliyokuwa ndani upande wa mashariki. Mabega na magoti yafunikwe. Mama akivaa dera na mtandio hana shida.

Hao wanaosema "mahekalu ya India mgeni hakanyagi" wanachanganya na Jagannath kule Puri, ambako kweli asiye Mhindu haingii hata uani. Na hapo Madurai penyewe msidhani kila Mhindu alikuwa anaingia. Wale wa tabaka la chini kabisa walizuiwa mpaka Julai 1939, mwanaharakati Vaidyanatha Iyer alipowaingiza wachache, ikawa vurugu kubwa. Mimi nikisimama pale hilo ndilo ninaloliwaza kuliko minara.

Kutoka: Side, Bengaluru

Nguzo si elfu, ni 985. Nendeni mkahesabu.

Dada Neema, foleni ilikuwepo, mimi nilisimama humo. Anyway, mkitoka hekaluni vukeni mkanywe jigarthanda, ile faluda yao.

Kutoka: Neema, Chennai

Jigarthanda si faluda. Ni maziwa yaliyochemshwa yakapungua, gundi ya mlozi, sharubati ya mizizi ya nannari na aiskrimu juu. Tambi hakuna. Na bado sijajibiwa kuhusu viza ya mama.

Kutoka: Mwanakombo, Coimbatore

Ya matibabu, dada Neema, bado ina muda. Gesti hawana shida na mama, shida ni mimi. Mzee Bakari salamu zako kwa mama zimefika, yaani amefurahi, amesema sasa haondoki India mpaka ameona hiyo machela. Lakini risiti ya maombi jamani?

Kutoka: Mama Salma, Muscat (zamani Chennai)

Nimesoma hili jina la Madurai moyo ukaniruka. Nilimuuguza marehemu mume wangu Chennai, na siku madaktari walipotupa nafasi tukapanda treni ya usiku pale stesheni ya Egmore, ile iitwayo Pandian, asubuhi tuko Madurai. Sikumbuki minara kama ninavyokumbuka asumini. Wanawake wamekaa chini nje ya hekalu, uzi kidoleni, wanafunga maua mbiombio bila kuangalia, na wanauza kwa kupima kutoka kiwiko mpaka ncha ya kidole, mkono mmoja, mikono miwili, kama bibi yangu alivyopima kitambaa kwetu Ng'ambo, Zanzibar. Nikanunua, nikajifunga kichwani, mume wangu akasema leo unanuka Ijumaa ya kwetu. Huku Muscat asumini ipo lakini hainuki vile.

Ila nitasema, hata kama wenye kundi watakasirika. Mpaka lini tutauza mashamba kwenda kutibiwa India? Wakubwa wanakuja kwa pesa ya serikali, sisi tunachangishana harusini na msibani.

Kutoka: Side, Bengaluru

Sema mama! Na watoto nao ni hivyohivyo, digrii mpaka India.

Kutoka: Neema, Chennai

Tuwe wakweli kidogo. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete ipo Muhimbili tangu 2015, wagonjwa wa moyo waliokuwa wanapandishwa ndege sasa wengi wanapasuliwa hapohapo Dar. Na IIT Madras imefungua kampasi Zanzibar, Bweleo, tangu 2023. Kwa hiyo India nayo imetufuata. Siasa peleka kundi lile lingine.

Kutoka: Mama Salma, Muscat

Nimekuelewa mwanangu. Lakini uliza anayelipa Muhimbili bila bima.

Kutoka: Achieng, Hyderabad

Tafadhali turudi kwa Mwanakombo. Wazo langu: msilale. Pandeni treni ya usiku, mshinde Madurai, mrudi na ya usiku. Pasipo kulala gesti hakuna Form C. Mchana hekalu likifungwa mwende kasri la Thirumalai Nayak la 1636, kuna kivuli na nguzo nene hata watu watatu hawaikumbatii moja, halafu makumbusho ya Gandhi.

Kutoka: Mzee Bakari, Vellore

Hapo kwenye makumbusho ndipo ilipo ile nguo yenye damu ya siku alipouawa, 1948. Na ni Madurai hiyohiyo, Septemba 1921, alipoacha mashati na kuanza kujifunga kishuka. Huyu naye alipita kwetu: Lamu, Mombasa, Zanzibar, mwaka 1893 akielekea Afrika Kusini. Mkipata nafasi mfike Thiruparankundram, kilomita chache tu, chini hekalu la mungu wao Murugan limechongwa mwambani, juu ya mlima kuna dargah, yaani ziara ya walii, ya Sikandar. Nimezuru kote kuwili.

Kutoka: Neema, Chennai

Mzee, huyu mama ametoka hospitali, unampandisha mlima? Na treni mbili za usiku mfululizo kwa mgonjwa, Achieng, umefikiria?

Kutoka: Mwanakombo, Coimbatore

Ni magoti yaliyofanyiwa. Mlima hapana, ahsanteni. Kesho narudi dirishani, bwana yule ameahidi bonafide nyingine. Jina la baba nimemwandikia kwa herufi kubwa.

Kutoka: Side, Bengaluru

Mwandikie na la babu kabisa. Jamani, kuna anayetoka Dar mwezi huu? Nataka dagaa wa Kigoma, kilo mbili tu, mzigo nalipia. Ugali wa ulezi wa huku nimejitahidi nao lakini kitoweo ndiyo tatizo.

Kutoka: Mzee Bakari, Vellore

Na mimi kilo moja, Side. Wasiwe wa Mwanza.