Tupeane uzoefu: Siku 90 za kwanza Marekani, karatasi ipi inatangulia ipi

Karani wa Zamu:
Wakuu, habari za huko mliko. Maswali ya wanaotua Marekani ni yale yale kila mwezi, na majibu yake yametawanyika kwenye magrupu ya WhatsApp ambako baada ya siku mbili huyaoni tena. Tuyakusanye hapa. Kila mmoja aandike lile analolijua kwa undani: fomu gani, siku ngapi, dola ngapi, na watu hukwama wapi. Hadithi za safari tuziache.

Nafungua kwa nyaraka za aliyeingia na viza ya uhamiaji, iwe ya bahati nasibu, ya ndoa au ya familia.

Cha kwanza ni anwani. Grini kadi (ya ukaazi wa kudumu) na kadi ya Social Security (hifadhi ya jamii) zote zinakuja kwa posta, na mpeleka barua asipoliona jina lako kwenye sanduku anaweza kuirudisha bahasha ilikotoka. Ukifikia kwa ndugu, siku hiyo hiyo bandika jina lako kwenye sanduku lake la barua. Namba ya apatimenti isikosekane kwenye fomu yoyote. Kadi nyingi "zilizopotea" zilikosa namba hiyo tu.

Ada ya USCIS (idara ya uhamiaji) ya kutengenezewa grini kadi ni dola 235, inalipwa mtandaoni kwa A-Number (namba yako ya mhamiaji) na namba ya kesi. Lipa kabla ya kupanda ndege. Usipolipa utaingia nchini vizuri tu, ila kadi haitachapishwa. Baada ya hapo inaweza kuchukua hadi siku 90, lakini msikae nyumbani kuisubiri: viza iliyogongwa mhuri uwanja wa ndege ni ushahidi wa ukaazi kwa mwaka mmoja, na unaajiriwa nayo.

Namba ya Social Security, kama uliiomba ndani ya DS-260 (fomu ya maombi ya viza ya uhamiaji), inakuja yenyewe ndani ya takriban wiki tatu. Isipokuja, nenda ofisini kwao na pasi yako ya kusafiria na fomu SS-5. Huduma ni bure, anayedai malipo ni tapeli. Ukiipata, namba ikariri, kadi iweke kabatini. Haitembei mfukoni.

Tazameni majina. Sisi wa majina matatu, jina la babu hugeuka la ukoo kwenye karatasi moja na la kati kwenye nyingine. Mwenye jina moja tu kwenye pasi hujikuta anaitwa FNU, yaani "jina la kwanza halijulikani". Rekebisha kosa kwenye karatasi ya kwanza kabisa, maana leseni, benki na mwajiri wote watanakili kutoka hapo.

Ukihama, una siku 10 kuijulisha USCIS kwa fomu AR-11. Kubadilisha anwani posta hakutoshi, kwa kuwa bahasha yenye kadi huwa haifuatishwi kwenye anwani mpya, inarudi kwa aliyeituma. Na mwanamume wa miaka 18 hadi 25 ahakikishe yumo kwenye daftari la Selective Service (la wanaoweza kuitwa jeshini) ndani ya siku 30 tangu afike. Asiyekuwemo huulizwa siku ya kuomba uraia.

Shuka la Kigoma:
Niongeze moja kwa walioingia kwa ndoa. Kama siku ya kuingia ndoa haijafikisha miaka miwili, kadi yako ni ya miaka miwili, siyo kumi. Fomu I-751, ya kuondoa masharti ili upate ya kumi, inapelekwa ndani ya siku 90 kabla kadi haijaisha. Ushahidi wa ndoa utahitajika, kwa hiyo anzeni mapema kuhifadhi mkataba wa pango wenye majina yote mawili, akaunti ya pamoja na bima ya pamoja.

Mpangaji Mzoefu:
Mimi nyumba na krediti (rekodi ya jinsi unavyokopa na kulipa), kwa sababu hayo mawili yamefungana.

Kampuni nyingi za apatimenti zinadai kipato cha karibu mara tatu ya kodi ya mwezi, historia ya krediti na historia ya upangaji. Mgeni hana hata kimoja. Anachofanya ni kulipa ada ya maombi sehemu tano, anakataliwa zote, na ada hairudi. Kabla hujalipa senti, waandikie barua pepe: mtu asiye na historia ya krediti mnampokea kwa masharti gani? Wengine watataka mdhamini, wengine amana kubwa zaidi, wengine barua ya ajira yenye mshahara. Mjue pia kuwa amana ina kikomo kwenye baadhi ya majimbo. New York na Massachusetts haizidi kodi ya mwezi mmoja. Wenye nyumba binafsi, wenye nyumba moja au mbili, huwa wepesi kuliko kampuni.

Siku ya kukabidhiwa funguo, kabla hujaingiza hata godoro, piga picha kila ukuta, zulia, jiko na choo, uzitume kwa barua pepe ili tarehe ibaki. Ndizo zitakazokurudishia amana. Kwenye mkataba tafuta kifungu cha taarifa ya kuhama: mara nyingi ni siku 60, na usipotoa taarifa mkataba unaweza kujihuisha wenyewe. Nyumba usiyoiona kwa macho usiitumie hela, hata picha zikiwa nzuri vipi.

Krediti sasa. Alama ya FICO, inayopima krediti yako, inaanzia 300 hadi 850, na mtu mpya hana sifuri, hana alama kabisa. Njia ya kuanzia ni kadi ya amana: unaweka kwa mfano dola 200 au 300, na hicho ndicho kikomo chako. Nunua kitu kidogo kila mwezi, mafuta ya gari yanatosha, na ulipe deni lote kabla ya tarehe. Baada ya takriban miezi sita alama inaonekana.

Wengi wanapokosea ni hapa: wanalipa kwa wakati, alama haipandi. Sababu ni kwamba benki huripoti deni lililopo siku ya kufunga taarifa ya mwezi, siyo siku ya kulipa. Kikomo kikiwa 300 na taarifa ikafungwa ukiwa na deni la 270, unaonekana umebanwa. Punguza hadi chini ya 90, yaani asilimia 30 ya kikomo, kabla ya siku hiyo. Malipo yaliyochelewa zaidi ya siku 30 yanakaa kwenye rekodi miaka saba. Ripoti za Equifax, Experian na TransUnion, kampuni tatu zinazotunza rekodi za krediti, ni bure kwenye AnnualCreditReport.com. Zisome zote tatu, hazifanani.

Msomi wa Lindi:
Je, aliyekuja kusoma na F-1 (viza ya mwanafunzi)? Hii namba ya Social Security anaipataje?

Karani wa Zamu:
Mkuu, mwanafunzi haipati mpaka awe na kazi. Ukipata kazi ya chuoni, isiyozidi saa 20 kwa wiki wakati wa masomo, unachukua barua mbili: ya mwajiri na ya ofisi ya wanafunzi wa kigeni. Subiri siku kama 10 tangu uingie, na chuo kiwe kimekusajili kwenye SEVIS (mfumo wa serikali wa wanafunzi wa kigeni), la sivyo ofisini hawatakuona kwenye mfumo.

Lingine: kwa miaka mitano ya kalenda ya mwanzo, mwanafunzi wa F-1 hakatwi kwenye mshahara makato ya Social Security wala Medicare (bima ya afya ya wazee), yaani ile asilimia 7.65. Wahasibu wengi hawalijui hili. Ikikatwa, anza kumdai mwajiri. Akishindwa kukurudishia, idai kwa mamlaka ya kodi kwa fomu 843 pamoja na 8316. Na hata kama hukuingiza dola moja, fomu 8843 ya mamlaka hiyo hiyo inakuhusu kila mwaka.

Dada wa Slipi:
Siku ya kwanza kazini utajaza I-9 (ya kuthibitisha unaruhusiwa kufanya kazi) na W-4 (ya makato ya kodi). Kwenye I-9 mwajiri anakagua nyaraka ndani ya siku tatu za kazi, lakini wewe ndiye unayechagua cha kuonyesha kwenye orodha. Leseni ya jimbo pamoja na kadi ya Social Security isiyo na masharti inatosha, na hana haki ya kung'ang'ania grini kadi.

Kubwa kuliko yote ni kujua kama umeajiriwa kwa W-2 (mwajiriwa) au kwa 1099 (mkandarasi wa kujitegemea). Wa W-2 anakatiwa kodi na mwajiri, na mwajiri anachangia nusu ya Social Security na Medicare. Wa 1099 anapewa hela yote mkononi, anafurahi, halafu Aprili anakuta anadaiwa asilimia 15.3 ya kujiajiri, na kodi ya mapato juu yake. Ukiwa 1099 tenga robo mpaka theluthi ya kila malipo, na ulipe kwa awamu nne: 15 Aprili, 15 Juni, 15 Septemba na 15 Januari. Kama unapangiwa saa, unavaa sare yao na unatumia vifaa vyao, halafu wanakuita wa 1099, hapo pana dalili ya kunyimwa haki. Sheria ya ovataimu, mara moja na nusu baada ya saa 40 kwa wiki, inawahusu wafanyakazi wengi wanaolipwa kwa saa.

Wenye nyumba za kupangisha Dar au Nairobi msijidanganye: mkaazi wa kudumu anatangaza kipato cha dunia nzima. Na akaunti zako zote za nje zikijumlishwa zikavuka dola 10,000 hata kwa siku moja ndani ya mwaka, unaijaza FBAR, ripoti ya akaunti za nje. Haina kodi ndani yake, lakini faini ya kutoijaza ni kubwa.

Mkunga Mstaafu:
Wengi wetu tunaanzia CNA (msaidizi wa muuguzi mwenye cheti), basi tulieleze vizuri. Kiwango cha chini cha serikali kuu ni saa 75 za mafunzo, 16 kati yake vitendo chini ya msimamizi. Majimbo mengi yameongeza. Kabla hujalipa chuo, pita kwenye nyumba za kulelea wazee uulize kama wanafundisha wenyewe. Wakikuahidi ajira hawaruhusiwi kukutoza, na ukijilipia kisha ukaajiriwa na nyumba ya aina hiyo ndani ya miezi 12, unaweza kudai urudishiwe.

Mtihani wa vitendo hauwaangushi watu kwa kutojua uuguzi. Wanasahau kufunga breki za kiti cha magurudumu, wanaacha kitanda kimeinuliwa, au kengele ya kuita inabaki mbali na mkono wa mgonjwa. Kunawa mikono kunahesabiwa sekunde. Jizoezeni kusema kila hatua kwa sauti.

Sasa hili liwafikie wote wenye alama ya chanjo begani. Mwajiri atakupima kifua kikuu kwa sindano ya ngozi, na BCG (hiyo chanjo ya kifua kikuu) ya utotoni inaweza kuifanya ionekane chanya. Utapelekwa eksirei na kazi itachelewa. Omba kipimo cha damu tangu mwanzo, chenyewe hakidanganywi na BCG.

Wauguzi kamili: NCLEX-RN, mtihani wa leseni ya uuguzi, iko mbele yenu, na kabla yake tathmini ya vyeti, kwa majimbo mengi kupitia TruMerit (zamani CGFNS), shirika linalokagua vyeti vya nje. Chuo chako na baraza la wauguzi la nyumbani ndio wanaotuma rekodi, moja kwa moja, siyo wewe. Kazi hiyo ianze ukiwa bado nyumbani ambako unaweza kwenda kaunta na kusimama pale mpaka isainiwe.

Dereva wa Usiku:
Gari dogo: tumezoea kushoto, hapa ni kulia, na hatari siyo barabara kuu, ni unapotoka sheli au maegesho alfajiri barabara ikiwa tupu. Kwenye mtihani wengi wanaanguka kwa kibao cha STOP, kwa sababu kupunguza mwendo siyo kusimama. Magurudumu yatulie kabisa. Basi la shule likiwasha taa nyekundu, kwenye barabara isiyogawanywa, kwa kawaida pande zote mbili zinasimama. Polisi akikusimamisha baki ndani, mikono juu ya usukani. Ile ya kushuka kumfuata kwa salamu huku inatafsiriwa vibaya sana. Na uliza bei ya bima kabla ya kununua gari, maana bima ya chini haikarabati gari lako, ni la uliyemgonga tu.

Wanaotaka malori: tangu 7 Februari 2022 lazima usome shule iliyoorodheshwa na serikali kuu kabla ya mtihani wa CDL (leseni ya magari makubwa ya biashara). Ukipata kibali cha kujifunzia, subiri siku 14 kabla ya mtihani wa vitendo. Ukifanyia mtihani gari la otomatiki, leseni inaandikwa kizuizi cha kutoendesha gia za mkono. Ukaguzi wa breki za upepo ukaririwe neno kwa neno, ndiyo inayowaangusha wengi. Saa zinazoruhusiwa kwa zamu ni 11 za kuendesha ndani ya dirisha la saa 14, na mapumziko ya dakika 30 baada ya saa 8 za usukani. Kampuni ikikusomesha bure, soma unadaiwa kiasi gani ukiondoka mapema. Mkataba wa kukodishiwa lori mpaka liwe lako, ndugu zangu, mgeni wa mwaka wa kwanza asiusaini. Wiki ya mizigo michache makato yanabaki yale yale.

Mkunga Mstaafu:
Bima ya afya nayo. Ya kazini ina dirisha la kujiunga, mara nyingi siku 30. Likipita unangoja mwaka ujao. Kwenye karatasi tafuta maneno matatu: "deductible" ni kiasi unachobeba mwenyewe kwanza, "copay" ni unachotoa kila ziara, na "out-of-pocket maximum" ni ukomo wako wa mwaka. Homa na jeraha dogo nenda urgent care (kliniki ya haraka isiyo ya dharura kubwa). Chumba cha dharura ni cha kifua kubana, damu nyingi, kupooza ghafla. Huko hawawezi kukufukuza kwa kukosa bima, ila bili itafuata.

Bili ikija usilipe siku hiyo. Omba mchanganuo wa kila kipengele, kisha uliza fomu ya msaada wa kifedha. Hospitali zisizo za faida zinatakiwa kisheria kuwa na mpango huo. Mkalimani wa Kiswahili ni haki yako, bila malipo. Usimtumie mtoto wa miaka kumi kumtafsiria mama yake habari za kizazi.

Mpangaji Mzoefu:
Na baridi inakaribia. Jiko la mkaa lisiingie ndani kwa ajili ya kuota moto, hata dirisha likiwa wazi. Hewa yake ya sumu haina harufu. King'ora cha monoksidi ya kaboni kiwepo karibu na vyumba vya kulala, betri ijaribiwe kila mwezi. Hita ya umeme ichomekwe ukutani moja kwa moja, siyo kwenye ekstensheni, na ikae umbali wa kama mita moja kutoka kitandani. Theluji ikinyesha, fukua bomba la moshi la gari kabla hujawasha injini.