Akina Gama wote ni ukoo mmoja? Naomba msaada wa haraka

Msafiri_Kimya: Wakuu, mimi ni Gama, baba yangu ni wa Songea ila nimekulia mbali na ndugu. Wazee wa kuuliza walishatangulia. Nasikia akina Gama wapo Malawi, Eswatini hadi Afrika Kusini. Ni damu moja? Nahitaji jibu kabla ya Jumapili.

Bwana_Nakazia: Wewe ni kitukuu cha Vasco da Gama, yule aliyetia nanga Malindi 1498. Nenda Ureno ukadai urithi.

Mzee_wa_Ruvuma: Acheni utani. Gama ni moja ya koo za kitawala za Wangoni. Kiongozi wao Zwangendaba alikimbia vita vya huko kusini, akavuka Zambezi Novemba 1835, siku jua lilipopatwa, akafia Ufipa. Baada ya hapo ni kugawanyika tu: Mpezeni akaishia Chipata ya Zambia, M'Mbelwa akakaa Mzimba ya Malawi, Zulu Gama akaja Songea. Nkosi (mfalme) Mputa Gama alinyongwa na Wajerumani 1906 kwa ajili ya Majimaji. Marehemu babu akianza habari hii, ugali ulikuwa unapoa mbele yetu na hakuna wa kunyoosha mkono mpaka afike kwenye kamba.

Dada_Pili: Jina pekee halitoshi. Pio Gama Pinto aliyeuawa Nairobi 1965 asili yake Goa ya India, na Songea hakuhusiana nayo. Tena Wangoni waliteka watu wengi njiani wakawafanya wao. Ila kaka, Jumapili kuna nini? Mnagombea shamba?

Msafiri_Kimya: Hapana.

Dada_Pili: Basi sema, tusijibu gizani.

Msafiri_Kimya: Kuna binti. Naye ni Gama, kwao Mzimba. Posa imepokelewa, Jumapili paroko anasoma tangazo la pili. Shangazi kaja juu, eti Wangoni wa jina moja hawaoani. Mimi naona hayo ya zamani. Tangu 1835 damu si imeshachujika?

Mzee_wa_Ruvuma: Kanisa linazuia mpaka watoto wa ndugu wawili. Mila haihesabu vizazi, inahesabu jina. Kaeni na wa kwao, kila upande utaje mababu mpaka wa kule walikotoka. Vitabu vya ubatizo navyo vitasaidia, misheni ya Peramiho ipo tangu 1898.

Mama_Wawili: Mimi nilizuiwa kwa mambo ya ukoo, nikaolewa na wa mbali kabisa. Kaniacha na watoto. Oa baba.

Bwana_Nakazia: Ngojeni kwanza. Juu kaandika wazee wa kuuliza walishatangulia. Huyu shangazi kafufuka lini? Hii chai, tena haina sukari.

Mtoto_wa_Mjini: Chai ya rangi. Mwezi jana alileta uzi wa kuuza pikipiki ili alipe ada ya mtoto.

Msafiri_Kimya: Nimesema wazee wa kuuliza. Shangazi haulizwi, anaamuru. Na mtoto ni wa marehemu kaka yangu.

Dada_Pili: Na binti anajua shangazi kakataa?

Mtoto_wa_Mjini: Pikipiki bado ipo?

Msafiri_Kimya: Ipo. Njoo inbox.